Muhtasari wa Mkutano Ambao Haukufanyika

Wiki tatu zilizopita wenzangu wa idara ya lugha walinifanyia tafrija ya kuniaga. Walinipa vitenge, sufuria kubwa la pilau na kadi yenye makosa mawili ya sarufi. Makosa niliyaona nikanyamaza. Nadhani hiyo ndiyo dalili kwamba nimestaafu kweli. Kabla ya soda kuisha, walimu vijana wakaniomba niwaandikie kitu kuhusu miaka yangu ya kufundisha fasihi hapa Dodoma, kitu cha kuwafaa kazini. Anayetaka kujua nilipandishwa daraja lini na lini akaombe faili langu ofisini, maana mimi mwenyewe nimesahau. Nitaandika ninayoyakumbuka, na bahati mbaya ninayoyakumbuka vizuri zaidi si ya kunipamba.

Nilianza kazi katika miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na mji ukajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu: sabuni za kuchagua, redio za kaseti, mitumba iliyomwagwa chini kama mazao. Kwetu ni Makole, hapahapa mjini. Babu yake baba alifika na misafara ya biashara, mizigo ya vitambaa mabegani mwa wapagazi, akaona pamemfaa akabaki. Tangu hapo ukoo wetu ni watu wa maduka. Mama hakunielewa kabisa. "Watu wote sasa wanafungua maduka," aliniambia, "wewe unatoka dukani unakwenda kushika chaki."

Shule naiacha bila jina, na kata vilevile. Ilikuwa pembeni ya mji, upepo ukivuma unafundisha mdomo umejaa mchanga. Siku ya kwanza nilipewa Kidato cha Tatu, vipindi viwili mfululizo, mada: migogoro katika kazi za fasihi. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilichora ubaoni jedwali lenye mgogoro wa nafsi, wa familia, wa kitabaka na wa kisiasa, nikaeleza kila mmoja kwa maneno niliyoyatoa chuoni yakiwa bado na joto. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Mvulana wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe una mgogoro gani?"

Nikamwambia mimi sina mgogoro, mimi ni mwalimu. Darasa likacheka, nami nikadhani wamefurahia jibu.

Nyuma ya darasa alikuwa amekaa mkuu wa idara, Mwalimu Festo Chibago, mzee wa Kigogo mwenye mwili mdogo na sauti ndogo zaidi. Alivaa koti lilelile kiangazi na masika, mfukoni akiwa na vipande vya chaki visivyozidi kidole. Chaki nzima aliwaachia walimu wageni kwa sababu, alisema, chaki nzima inamfanya mtu aandike sana. Tulipotoka aliniambia, "Umeeleza migogoro minne, mwanangu. Wanafunzi wameondoka na mmoja, wa kupambana na usingizi." Kisha akanifundisha namna yake. Ukiwa na hadithi yoyote, alisema, iwe ya mfalme au ya mama ntilie, waulize wanafunzi mambo mawili tu: nani alijua, na alipojua alifanya nini. "Wajibu wote uko hapo. Haya mengine ni majina."

Niliyachukua maneno yale nikayafanya yangu. Kwa miaka mitatu nilikuwa mkali sana kwa viongozi wa vitabuni. Watemi waliouza watu wao, mawaziri waliojua njaa inakuja wakafanya karamu, wenyeviti waliofumba macho: wote walipita mbele ya Kidato cha Tatu wakahukumiwa kabla ya kengele ya mapumziko. Nilikuwa napiga meza. Wakati wa mapumziko penyewe nilikuwa nafungua chombo changu cha barafu za ukwaju pale nyuma ya maabara na kuwauzia wanafunzi walewale niliotoka kuwaeleza unyonyaji. Kila mwalimu alikuwa na kamradi kake siku hizo; wa Jiografia alikuwa na mayai, wa Hesabu alikuwa na mashine ya kusaga. Sikuona mgongano wowote. Nimewaambia, sikuwa mtu wa migogoro.

Sasa nije kwenye kisima.

Nyuma ya shule kulikuwa na eneo letu lililozungushiwa minyaa, lenye shamba dogo la zabibu na kisima. Maji yake yalikuwa na chumvi kidogo lakini hayakukauka, na mabomba ya upande ule kiangazi yalikuwa yanatoa hewa tu. Kwa hiyo walichota wanafunzi na walichota majirani. Kisima kilichimbwa kwa kujitolea, na aliyesimamia, akashuka mwenyewe na sururu mpaka alipopandishwa akiwa tope tupu, alikuwa Yohana Masinga, kijana wakati ule. Nilipofika mimi alikuwa mzee wa makamo na ndiye diwani wetu. Watu walimpenda. Alikuwa haendi msibani kwa gari hata akipewa, anatembea, na alikuwa anajua jina la mtoto wa kila nyumba.

Siku moja mchana mkuu wa shule aliniita ofisini. Diwani alikuwa amekaa, kofia magotini. Niliamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia bila kuniangalia sana.

"Mwalimu Zainabu," mkuu akasema, "mzee ana karatasi yake hapa. Anataka mtu wa Kiswahili kizuri."

Karatasi ilikuwa nusu ukurasa. Ilisema wananchi wamekubali eneo la kisima apewe mfanyabiashara mmoja mwenye malori, ajenge ghala, naye ataweka pampu na bomba kwa ajili ya watu wote. Diwani akanieleza kwamba huko juu wameikataa, wanataka muhtasari kamili wa mkutano.

"Mkutano ulifanyika lini, mzee?"

Akageuza kofia. "Watu wameulizwa-ulizwa."

"Kwa hiyo haukufanyika?"

"Pampu itakuja, binti yangu. Watachota kwa bomba badala ya kamba. Nikisubiri kila mtu aseme lake, yule bwana atapeleka pampu yake kata nyingine."

Sidhani alikuwa anadanganya kuhusu pampu. Alikuwa ameahidiwa, naye aliamini kwa sababu alitaka sana iwe kweli. Mkuu akakohoa. "Mwalimu, wewe andika tu. Hatukuulizi zaidi ya lugha."

Nikaandika.

Ningependa kuwaambia kwamba niliandika huku moyo unaniuma. Hapana. Niliandika kwa raha. Nilikuwa na vipindi viwili vya bure, chumba cha walimu kimya, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni mtu alinihitaji kwa ajili ya kalamu yangu. Nilianza na mahudhurio, nikaja kwenye kufungua mkutano. Nikaona ni mkavu. Nikaweka kwamba mwenyekiti aliwashukuru wananchi kwa kufika licha ya upepo mkali. Upepo ule ulinipendeza. Kisha nikaona mkutano hauna uhai bila mtu wa kuuliza, nikamsimamisha bibi mmoja. Nikaandika kwamba bibi mmoja mzee alisimama na kuuliza wajukuu wake watachota wapi maji. Akafafanuliwa kuhusu pampu. Akaridhika na kuketi. Nikaandika makofi. Nikapiga chapa kwenye mashine ya shule, nikafuta kosa moja kwa wino mweupe, nikausoma mara mbili kwa ajili yangu tu.

Diwani aliusoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alivua miwani. "Mwalimu," alisema, "ni kama nilikuwepo."

Wala hakuwa anatania. Akasaini, akagonga mhuri, akaondoka kwa miguu.

Wiki chache baadaye niliwapa Kidato cha Tatu kazi ya nyumbani. Niliwaambia fasihi haiko vitabuni peke yake: nendeni mtafute maandishi yoyote mtaani, tangazo, barua, risala, myachambue. Wahusika, mgogoro, na nani anawajibika. Niliona ni ubunifu mkubwa wa ufundishaji.

Kulikuwa na msichana anaitwa Tabitha, mrefu, mpole, anayeandika herufi ndogo kama anabania karatasi. Alilelewa na bibi yake. Zamu yake ilipofika alisimama na daftari.

"Mwalimu, yangu nimeinakili kwenye ubao wa matangazo pale ofisi ya kata. Ni muhtasari wa mkutano."

Akasoma. Nilikuwa nimeegemea dirisha, na nilipousikia ule upepo mkali nikashika fremu. Alisoma vizuri, akipumzika kwenye mikato niliyoweka mwenyewe. Alipomaliza aliendelea na uchambuzi.

"Mhusika nimemchagua huyu bibi. Hana jina. Anasimama, anauliza swali moja, anaridhika, anaketi. Mwandishi amemleta ili akubali tu. Mimi bibi yangu anakaa karibu na kisima, yeye ndiye jirani wa kwanza. Hajaitwa kwenye mkutano wowote. Na haridhiki upesi hivyo."

Darasa likacheka. Wengi walimjua bibi yake.

"Na upepo?" akauliza mmoja.

"Upepo ni mandhari," mwingine akamjibu, kwa sauti yangu kabisa.

Ilibidi niseme kitu. "Mgogoro je?"

"Hamna, mwalimu. Ndiyo maana nafikiri ni uongo. Watu wanachukuliwa maji, halafu pasiwepo hata mmoja wa kugomba?"

"Nani anawajibika?" Nilijisikia nikiuliza, mdomo ulishazoea.

Wakasema diwani, kwa sababu kasaini. Tabitha hakuketi. "Na aliyeandika? Hiki siyo Kiswahili cha diwani. Diwani namsikia kila siku, haongei hivi. Huyu ni mtu aliyesoma." Akaniangalia. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua au alikuwa anasubiri tu mwalimu aseme. Kengele ikalia. Nilimpa alama kumi na saba kati ya ishirini, na zile tatu nilizomkata sijawahi kuzitafutia sababu.

Nilimweleza Mwalimu Chibago siku hiyohiyo, tukiwa tumebaki wawili chumba cha walimu, yeye anapanga vipande vyake vya chaki. Nilieleza kwa urefu, nikaweka mazingira, shinikizo la wakubwa, utata wa hali. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Mimi sichoti maji pale," akasema, akaenda kipindi.

Basi nikaenda kwa diwani nyumbani kwake. Nilikuta mkewe anapepeta uwele uani, akaniletea kigoda. Nikamwambia mzee kwamba muhtasari unasomwa, wanafunzi wanaujadili, ungeondolewa. "Jina lako haliko pale, binti yangu," alisema. "Kaa kimya wewe. Likiharibika litaharibika langu."

Nilitembea mpaka Makole nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetoka zahanati akaambiwa haumwi. Nilikula vizuri na kulala vizuri, na kwa wiki mbili nikafundisha vizuri pia. Tulikuwa kwenye mada ya viongozi wasaliti.

Halafu seng'enge ikafika. Waliikata minyaa, wakazungusha nguzo na waya, na mlinzi akawekwa. Pampu haikuonekana. Wanawake wakaanza kupita mbele ya shule asubuhi na ndoo wakienda bomba la mbali, na wanafunzi wa bweni wakawa wanakuja darasani hawajanawa. Bibi yake Tabitha alikuwa anatembea na kidumu kimoja, akikibadilisha mkono kila baada ya hatua chache. Nilimwona kwa dirisha lilelile.

Daftari la Tabitha lilizunguka. Wanafunzi walinakili uchambuzi wake, na nakala moja ikakutwa imetundikwa kwenye seng'enge, alama kumi na saba zangu zimeandikwa juu kwa kalamu nyekundu. Mwenye malori akaja juu kwa mkuu wa shule. Kesho yake ikaitishwa kamati ya nidhamu: Tabitha, uchochezi. Katibu wa kamati nilikuwa mimi. Mwandiko wangu ulikuwa umeshajulikana.

Tulikaa walimu watano. Tabitha aliingizwa akasimama mlangoni, mikono nyuma. Mkuu akamuuliza nani kamtuma.

"Hakuna, mwalimu. Ilikuwa kazi ya nyumbani."

"Nani alikuambia mkutano haukufanyika?"

"Bibi. Na majirani wote."

"Unajua kwamba unamwita diwani mwongo?"

Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuyafuta, labda kwa sababu mikono ilikuwa nyuma. Hakunitazama hata mara moja. Angenitazama ningeweza kumkasirikia. Akaambiwa atoke. Mkuu akaniamuru niandike: mwanafunzi amekiri kosa, kamati inapendekeza asimamishwe masomo mpaka itakapoamuliwa vingine. Ilikuwa ni muhula wa mtihani.

Nikaandika "Mwanafunzi ame". Nikaishia hapo. Nisiwadanganye, haikuwa ushujaa. Mkono ulikataa kama punda anavyokataa darajani. Nilikuwa nimemtengeneza bibi aliyeridhika, na sasa nilikuwa namtengeneza mjukuu aliyekiri.

"Hajakiri," nikasema.

"Endelea kuandika, mwalimu."

"Muhtasari wa kisima niliuandika mimi. Mkutano haukuwepo. Upepo pia niliuweka mimi."

Sijui kwa nini nilitaja upepo. Walimu wawili walinigeukia. Mkuu akaangalia karatasi yake ya ajenda kwa muda mrefu. "Mwalimu Zainabu, hilo haliko kwenye ajenda."

Mwalimu Chibago, ambaye tangu tuanze hakuwa amefungua mdomo, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Basi liwekwe kwenye Mengineyo."

Likawekwa kwenye Mengineyo. Niliandika kwa mkono wangu, na ule ndio muhtasari mbovu kuliko yote niliyowahi kuandika, hauna mtiririko, herufi zinapanda na kushuka. Tabitha alisimamishwa hivyohivyo, siku kumi. Mkuu alisema la mwanafunzi na la mwalimu ni mambo mawili. Siku ya kwanza ya zile kumi nilikwenda kwao. Bibi yake alikuwa ameketi kwenye ngozi nje ya nyumba, Kiswahili chake cha kuchanganya na Kigogo, nikamwambia yote, Tabitha akinisaidia mahali ambapo hatukuelewana.

Bibi alinitazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo mimi ndiye yule aliyeridhika?"

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

"Mimi mume nimezaa naye watoto tisa," akasema, "hajawahi kuniona nimeridhika. Wewe umenionea wapi?" Hakucheka. Mimi nilitaka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua. Kisha akasema, "Twende kwa Yohana."

Tukaenda, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma kama mtoto anayepelekwa kushtakiwa. Diwani alitoka uani akatukuta mlangoni. Bibi alimsemesha kwa Kigogo, si kwa kelele. Sikushika yote, nilisikia neno la maji, na jina la mama yake Yohana, ambaye nilikuja kujua walikuwa marafiki. Yule mzee alijikunja kama aliyepigwa. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimeshasema shuleni." Akaitikia kwa kichwa. "Nimesikia," akasema. "Na mimi sasa zamu yangu."

Mkutano, safari hii wa kweli, aliuitisha mwenyewe kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa kuliko nilivyowahi kubuni. Nilikuwa nimejiandaa kuongea, nina karatasi yangu yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nilipata kusema sentensi mbili kabla mtu hajapaza sauti, "Ni yule mwalimu wa barafu!" Watu wakaangua kicheko na karatasi ikanitoka mkononi. Diwani akasimama, akavua kofia.

"Mwachieni mwalimu," alisema. "Yeye ana kalamu. Kalamu wanazo wengi. Mhuri ninao mimi. Mkutano ule haukuwepo. Nilijua haukuwepo nilipousaini. Nilitaka pampu, nikawaruka ninyi. Kisima kile nilikichimba kwa mikono hii, nikajiona ni changu. Si changu."

Kulikuwa na waliomzomea. Mzee mmoja alitupa hata ndala. Diwani akaiokota, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, akarudi mbele kuendelea kuzomewa. Nimefundisha habari za viongozi wengi waliotubu wakati wa kufa, kwa hotuba nzuri, jua likizama. Huyu alitubu saa tisa alasiri jasho likimtoka, na kesho yake ilibidi aendelee kuishi palepale.

Ilichukua miezi, barua na safari nyingi za mzee yule kwenye maofisi kukana saini yake mwenyewe. Mwishowe seng'enge ilitolewa. Zabibu zilikuwa zimekauka. Kisima hakikuwa kimedhurika. Mwenye malori alijenga ghala lake kwingine na sikusikia kwamba alipata hasara yoyote. Masinga hakugombea tena udiwani. Mimi nilipata barua ya onyo na uhamisho wa kwenda shule ya mbali, ambako nilikaa miaka minne, nikawafundisha watoto wa wafugaji na wao wakanifundisha kunyamaza mpaka mtu amalize kusema. Tabitha alirudi darasani siku ya kumi na moja. Somo langu alifaulu. Hesabu, ambayo mtihani wake uliangukia zile siku kumi, ilimrudisha nyuma mwaka mzima. Huo mwaka ulikuwa wake na ulichukuliwa na mimi. Sasa ni muuguzi, ana watoto wakubwa. Tukikutana sokoni ananiamkia shikamoo kwa heshima zote, na mimi kila mara naitikia marahaba haraka kuliko inavyotakiwa.

Mwalimu Chibago alistaafu nikiwa kule uhamishoni. Aliniachia koti, si chaki. Lilikuwa halinitoshi.

Niliporudi mjini nilifundisha miaka mingine mingi, na hayo nayaacha kwa sababu yalikuwa ni kazi tu. Nawashauri mambo mawili matatu. Msikubali kuwa katibu wa kila kitu kwa sababu mna mwandiko mzuri. Mwanafunzi akileta maandishi ya mtaani, myasome kwanza kabla hajayasoma mbele ya darasa. Na mkifundisha viongozi wa vitabuni, msipige meza sana.

Nimalizie na la mwaka jana. Mzee Masinga alifariki, mzee kabisa. Wanawe walinifuata Makole, wanaume watatu wenye suti, wakaniomba niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa kanisani. "Wewe ulimjua, mwalimu, na kalamu yako tunaijua." Walipokuwa wanaaga, yule mkubwa, Samweli, akasema kwa upole, "Ile habari ya kisima tungeiruka, mama. Kila mtu ameshasahau."

Nilikaa nayo siku nzima. Kuiruka kungekuwa kumwibia mzee kitu alichokilipia. Nikaiandika, aya moja, nikapima kila neno. Asubuhi ya mazishi niliupeleka wasifu nyumbani kwa marehemu, na kabla Samweli hajauchukua, mjane aliomba asomewe. Alikuwa haoni vizuri tena. Nikamsomea pembeni, karibu na sikio. Nilipofika pale niliposema kwamba marehemu alisaini muhtasari ulioandikwa kuhusu mkutano ambao haukufanyika, na baadaye akasimama mbele ya watu na kuukana, Samweli akatazama chini. Mjane akashika mkono wangu.

"Hiyo iache," akamwambia mwanawe. "Baba yako alikuwa anaisema mwenyewe kila mgeni akija." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, umesema ulioandikwa. Ulioandikwa na nani?"

Miaka yote ile, nimesahihisha maelfu ya insha, na mzee wa miaka themanini na kitu asiyeona vizuri akalikamata kosa kwa sikio. Niliomba kalamu. Nikaongeza jina langu pale juu ya mstari, kwa kubana.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mimi nilikaa nyuma na mtandio wangu, Mwislamu peke yangu kwenye benchi lile. Samweli alisoma vizuri, bila haraka. Alifika kwenye aya ile, akasita kwenye maandishi yaliyobanwa, akasogeza karatasi karibu na macho, akasoma kwamba muhtasari uliandikwa na Mwalimu Zainabu. Akainua kichwa, akatazama watu wote wale. "Ambaye nadhani yuko humu," akasema.

Vichwa vikaanza kugeuka. Nikasimama, nikanyoosha mkono.